Machujio ya maji yanayouzwa Mombasa: lipi latoa dawa ya magugu, lipi halitoi

Ingia duka lolote la vifaa vya mabomba Mombasa uulize chujio la maji ya kunywa. Jibu ni moja: "Hili latoa kila kitu, ndugu yangu." Chujio la kutoa kila kitu halipo. Lipo la kuzuia tope, lipo la kuua vijidudu, lipo la kutoa chumvi, na ni machache yanayoshika dawa ya magugu ikishayeyuka ndani ya maji. Hapa tunayapima machujio kwa swali hilo moja tu, kwa sababu ndilo swali ambalo muuzaji halitarajii na karatasi ya kwenye boksi hailijibu waziwazi.

Mwenye haraka achukue jibu hili. Nyumba inayotumia maji ya mfereji na isiyo na tatizo la chumvi inunue katriji ya kaboni iliyoshindiliwa, ya inchi 10, yenye cheti cha NSF/ANSI 53 (kiwango cha Marekani cha machujio ya kulinda afya) kinachotaja atrazini, dawa ya magugu ya mashamba ya mahindi, na iifunge kwenye mfereji mmoja wa kunywa na kupikia. Nyumba yenye kisima cha maji ya chumvi, au iliyo karibu na mahali panapopuliziwa glaifoseti, dawa nyingine ya magugu, mara kwa mara, inahitaji mtambo wa RO, ule unaosukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba. Taa ya UV (mwanga wa kuua vijidudu), ndoo ya mchanga na mkaa, na chungu cha udongo visinunuliwe kwa kazi hii.

Maji ya mfereji ya Mombasa hayatoki Mombasa. Yanatoka Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na huko Kwale linajengwa bwawa la Mwache. Maji ya Mzima hupenya mawe ya volkano ya Chyulu na kuchomoza ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, mbali na mashamba makubwa. Baricho ni habari nyingine. Mto Sabaki ndio ule ule Athi, umebadilika jina tu, na kabla ya kufika Kilifi umeshapita mashamba tangu nyanda za juu. Visima vya Baricho huvuta maji kupitia mchanga wa mto, na mchanga ule hushika tope vizuri. Haushiki kilichoyeyuka. Atrazini ikiwamo majini hupita kwenye mchanga pamoja na maji yenyewe.

Bwawa lina tabia yake tofauti na mto. Mto ukichafuka leo, wiki ijayo maji yale yameshafika baharini. Bwawa hupokea na kuweka. Mkulima wa mahindi hupulizia atrazini wakati wa kupanda, magugu hayajaota, kisha mvua ya kwanza kubwa ya masika au ya vuli inaisomba. Kwenye udongo wenye vijidudu vingi, nusu ya atrazini huvunjika kwa takriban siku 60. Kwenye maji yaliyotulia, chini kwenye giza na vijidudu vichache, hukaa muda mrefu zaidi, miezi kwa miezi. Ndiyo maana kipimo kimoja kilichofanywa Februari wakati wa kiangazi hakisemi lolote kuhusu maji ya Mei.

Kiasi kinachotosha kuharibu maji ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Chukua kijiko cha chai, mililita 5, cha atrazini ya gramu 500 kwa lita. Ndani yake mna gramu 2.5 za sumu, yaani mikrogramu milioni mbili na nusu. Kikomo cha Marekani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 3 kwa lita. Gawanya: kijiko kile kimoja kinafikisha kikomo hicho kwenye lita 833,000 hivi, matangi 83 ya lita 10,000. Basi anayechanganya dawa kando ya kisima na kuacha mpira wa maji umezama ndani ya bomba la kupulizia anahatarisha kisima cha mtaa mzima. Pampu ikizimika, maji ya ndani ya mpira hurudi kisimani na dawa yake.

Kisiwani na kwenye ukanda wa pwani hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa sababu visima vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe. Mwamba ule una matundu na nyufa, na udongo wa juu ni mwembamba, kwa hiyo dawa iliyopuliziwa kwenye bustani, ukingo wa barabara au uwanja wa nyasi haina kitu cha kuishikilia njiani. Kisima kirefu si kinga. Kinachosaidia ni umbali kutoka panapopuliziwa.

Vikomo navyo vinatofautiana, na muuzaji mjanja atakutajia kile kinachomfaa. Kwa atrazini, Umoja wa Ulaya unaruhusu mikrogramu 0.1 kwa lita, Marekani 3, na Shirika la Afya Duniani 100, ikihesabiwa pamoja na mabaki yake. Kwa 2,4-D, nayo ni dawa ya magugu, Shirika la Afya Duniani linasema 30 na Marekani 70. Kwa glaifoseti, Marekani inaruhusu 700. Ukiambiwa "maji yamepita kipimo", uliza: kipimo cha nani?

Sasa machujio yenyewe.

Kaboni iliyoshindiliwa ndiyo tunayoisifu, na sifa hiyo ina sababu. Kaboni ya chujio si mkaa wa jikoni. Hupikwa kwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 na zaidi hadi ijae vitundu vidogo mno, na gramu moja tu hupata eneo la ndani la karibu mita za mraba 1,000. Molekuli ya atrazini haipendi sana maji: lita moja huyeyusha kama miligramu 33 tu. Ikikutana na ukuta wa kitundu cha kaboni, hung'ang'ania. Kaboni ya vifuu vya nazi ina vitundu vyembamba vinavyofaa hasa molekuli ndogo kama hiyo, kwa hiyo ukiona boksi limeandikwa vifuu, hilo ni jambo jema.

Katika katriji iliyoshindiliwa, unga wa kaboni umebanwa ukawa gogo gumu lenye tundu katikati. Maji huingia kutoka nje, hupenya ukuta wa gogo, hutokea katikati. Hayana njia ya mkato, ila moja: ncha. Ishike katriji mkononi uitazame juu na chini. Kila ncha ina kofia ya plastiki iliyogandishwa kwa gundi na pete ya mpira laini. Bonyeza pete kwa kidole gumba. Inatakiwa irudi juu yenyewe. Pitisha ukucha kwenye mshono wa kofia na kaboni. Ukucha ukizama, gundi haikufika, na maji yatapita hapo bila kuchujwa hata kama gogo lenyewe ni la daraja la kwanza. Katriji yenye kasoro hiyo irudishe, usiondoke nayo dukani.

Kaboni ya chenga, ile iliyo huru ndani ya mkebe wa plastiki, ni ya bei nafuu na hupitisha maji kwa wingi, na hapo ndipo penye tatizo lake. Itikise sikioni. Ikilia kama kayamba, haikujazwa sawasawa: katriji ikilazwa, chenga huanguka upande mmoja na maji hupita juu yake. Hata iliyojaa, kaboni yake ni kama nusu lita hivi. Maji yakipita lita 4 kwa dakika, hukaa na kaboni sekunde 8 tu. Mitambo mikubwa ya maji huyapa dakika 10 hadi 20. Kwa klorini, sekunde 8 zatosha. Kwa atrazini hazitoshi. Ukiwa nayo tayari, ipunguze kasi hadi lita moja kwa dakika na uibadilishe mapema; ukinunua upya, chukua iliyoshindiliwa.

Kuhusu cheti: nambari 42 na nambari 53 si kitu kimoja. Cheti cha NSF/ANSI 42 kinahusu ladha, harufu na klorini. Cha 53 kinahusu afya, na hata hicho lazima utazame orodha ya vitu vilivyopimwa, kwa sababu chujio linaweza kuwa na 53 kwa ajili ya risasi peke yake. Kipimo cha atrazini kwenye 53 hutumia maji yenye mikrogramu 9 kwa lita na hudai yatoke yakiwa na 3 au chini yake, tena hadi mwisho wa umri wa katriji. Maneno kama "imetengenezwa kufuata NSF" bila nambari ya modeli si cheti. Cheti cha RO ni 58.

Kisha tazama lita. Boksi zuri huwa na namba mbili: kubwa ya klorini, ndogo ya kemikali. Tuseme moja inasema lita 10,000 za klorini na 2,000 za kemikali. Familia inayotumia lita 20 kwa siku kunywa na kupikia itamaliza lita 2,000 kwa siku 100. Basi ni miezi mitatu na siku chache, si mwaka mzima kama muuzaji anavyosema. Katriji ya shilingi 2,000 ya aina hiyo ni shilingi moja kwa lita. Hesabu hiyo ifanyiwe kila katriji kabla ya kusema hii rahisi, hii ghali.

Wengi hungoja ladha ya klorini irudi ndipo wabadilishe. Hilo ni kosa, kwa sababu uwezo wa kaboni kushika klorini hudumu muda mrefu kuliko uwezo wake kwa dawa ya magugu. Maji yatakuwa matamu mdomoni na atrazini inapita. Tena kaboni iliyojaa inaweza kuachia ilichoshika, hasa maji ya baadaye yakija safi zaidi au yakija na kitu kingine kinachogombea nafasi. Na wakati wa mvua, maji yenye rangi ya majani yaliyooza hujaza vitundu vya kaboni haraka, wakati uleule dawa inaposombwa kutoka mashambani. Kwa sababu hiyo tunashauri katriji mpya iwekwe mwanzoni mwa masika na mwanzoni mwa vuli, hata kama ya zamani bado ina siku zake.

Mtambo wa RO hufanya kazi ambayo kaboni haiiwezi. Glaifoseti hupenda maji: huyeyuka zaidi ya gramu 10 kwa lita, ina chaji ya umeme, na hupita kwenye kaboni kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Utando wa RO huizuia vizuri, zaidi ya asilimia 90, na atrazini vilevile, na chumvi ya kisima juu yake. Kama tatizo ni chumvi na dawa kwa pamoja, hakuna mjadala, ni RO.

Lakini mtambo huo una madai yake. Unahitaji msukumo wa kama psi 40 na zaidi (psi ni kipimo cha msukumo wa maji). Tangi lililo juu ya paa mita 4 kutoka mfereji linatoa psi 6 hivi, kwa hiyo bila pampu ya kuongeza msukumo utapata matone. Kwa kila lita ya kunywa, mtambo wa kawaida humwaga lita 3 au 4. Nyumba inayonunua maji ya mkokoteni kwa mtungi wa lita 20 itakuwa inamwaga mitungi mitatu kupata mmoja. Kwa nyumba hiyo RO ni hasara, labda maji ya kumwagwa yakingwe kwa choo na kudeki. Usimwagilie mboga kwa maji hayo kama kisima ni cha chumvi. Maji ya matumbawe nayo ni magumu, chokaa huganda juu ya utando na kuuziba. Klorini huula utando, na ndiyo maana kaboni hutangulia. Kaboni ikichakaa, utando unafuata.

Kipimo cha TDS (jumla ya chumvi iliyoyeyuka), kile kikalamu cha umeme kinachouzwa pamoja na mtambo, ni kizuri kwa kazi yake: kisima chenye miligramu 1,500 kwa lita kikitoka 150, utando ni mzima, kikitoka 600, utando umepasuka au mpira wake wa pembeni umewekwa kinyume. Hicho ndicho kinachosomwa. Kikalamu hakioni dawa ya magugu. Kinahesabu miligramu za chumvi, na atrazini inapatikana kwa mikrogramu, elfu moja ndogo zaidi, tena haipitishi umeme. Muuzaji anayechovya kikalamu kwenye glasi na kusema "waona, sumu hamna" anakupotosha, hata kama mwenyewe anaamini anachosema.

Vilivyobaki tutavipitia upesi. UV huua vijidudu na kuacha dawa palepale; taa ya nyumbani haina nguvu ya kuivunja. Chungu cha udongo huzuia bakteria na tope, si kilichoyeyuka, isipokuwa kiwe na kiini cha kaboni ndani. Ndoo ya mchanga na mkaa wa kupikia hung'arisha maji na kuwapa watu imani isiyo na msingi. Kuchemsha ni kubaya zaidi kwa jambo hili: maji hupungua kwa mvuke, dawa inabaki, kwa hiyo kila lita iliyosalia ina dawa zaidi kidogo. Chemsha kwa ajili ya kipindupindu na homa ya matumbo, si kwa ajili ya dawa ya magugu. Klorini huvunja glaifoseti kwa kiasi fulani; atrazini haiigusi. Parakwati, dawa nyingine ya magugu, inashikamana na udongo wa mfinyanzi kwa nguvu sana, kwa hiyo katriji ya kawaida ya nyuzi ya maikroni 5 inayoshika tope huondoka na sehemu kubwa yake.

Maduka ya kujazia maji mitaani mengi yana RO, na RO nzuri hutosha. Uliza mambo mawili: utando ulibadilishwa lini, na kaboni ilibadilishwa lini. Anayejibu kwa tarehe kutoka kwenye daftari ni wa kuaminiwa. Anayejibu "tunasafisha kila siku" hajajibu.

Ufungaji ukikosewa huharibu chujio zuri, na makosa ni yaleyale kila nyumba. Katriji ya nyuzi itangulie, kaboni ifuate. Mshale ulio kwenye kifuniko uelekee maji yanakokwenda. Ukigeuzwa, tope huziba gogo kutoka ndani na halisafishiki. Pete ya mpira ya kasha ipakwe grisi ya silikoni, siyo mafuta ya mgando, yanayouvimbisha mpira hadi uvujishe. Kaza kasha kwa mkono, malizia kwa spana ya plastiki robo mzunguko tu. Linalokazwa kwa nguvu zote hupasuka siku pampu inapoanza ghafla. Weka valvu kabla ya chujio na ufungue polepole. Mwaga lita 20 za kwanza, zitatoka na vumbi jeusi, si sumu, lakini hazinyweki.

Kisha pima kasi. Kinga lita moja kwenye jagi huku ukitazama saa ya simu. Isijae chini ya sekunde 30. Ikijaa kwa sekunde 12, banisha valvu. Maji yakitoka pole kwa sababu ya tangi la paa, usinung'unike, ndivyo inavyotakiwa. Lakini yakianza kupungua siku hadi siku, katriji ya nyuzi imejaa tope. Badilisha hiyo, usiitoe ukaacha kaboni peke yake.

Kaboni huondoa klorini, kwa hiyo maji yakishapita hayana kinga na vijidudu huota ndani ya gogo lenyewe, hasa kwa joto letu. Mkirudi kutoka safari, mwageni maji dakika tatu kabla ya kunywa. Maji ya kuhifadhi yatiwe dawa ya klorini au yachemshwe baada ya chujio, kamwe si kabla.

Kwa kujua kama kweli kuna tatizo, vijiti vya kupima vya atrazini vinapatikana kwa kuagiza. Visome kwa makini: mstari ukififia ndiyo dawa ipo, ukikoza ndiyo hamna, kinyume cha kipimo cha mimba. Havipimi glaifoseti. Jibu la uhakika hutoka maabara yenye mashine ya kusoma mikrogramu, kama ya KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, jijini Nairobi. Piga simu kwanza uulize chupa gani wanataka na kikomo chao cha kusoma ni kipi. Maabara isiyosoma chini ya mikrogramu 3 haikufai kwa atrazini. Kwa kawaida ni chupa ya kioo cheusi ya lita moja, yenye chembe za sodiamu thaiosalfeti za kuua klorini, ikisafirishwa ndani ya barafu. Chukua mbili kwa siku moja: moja kabla ya chujio, moja baada yake, na uzichukue siku mbili tatu baada ya mvua kubwa ya kwanza. Andika kwa kalamu isiyofutika juu ya kila chupa tarehe, saa, na lita ambazo katriji imeshachuja.